Ombi la Kufungua Hori la Shungi kwa Bakuli Moja la Chaza

Mkomani, Amu
Jumatatu, baada ya alasiri

Kwa Bi Thuwaiba,
Mwenyekiti wa Kamati ya Ufuo,
Mkokoni.

Bi Mwenyekiti,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta na afya njema, wewe na wanakamati wote, na pia chaza wote wa Hori la Shungi, ambao nasikia wananenepa kuliko watu wengi ninaowajua.

Mimi ni Kamaludin, mchonga milango wa Mkomani. Najua unanijua. Nimejitaja kwa sababu barua rasmi sharti imtaje mlalamikaji, na kwa sababu tangu Ijumaa iliyopita huko kwenu naitwa "yule wa msumeno", jina lililofika Amu kabla ya boti iliyonirudisha. Niliposhuka gatini, mpakizi mmoja aliniuliza kama nina mzizi wa kubebewa.

Nalalamikia kufungwa kwa Hori la Shungi, mkono huo wa bahari wenye mikoko na chaza, jambo lililonidhulumu mimi, nyumba yangu, na zaidi ya wote mama yangu mzazi. Nilikusudia malalamiko matatu tu. Yamefika sita. Mke wangu Hadil ameisoma rasimu na kusema kwamba karibu yote yananiumbua mwenyewe. Nimeyaacha kwa sababu ni ya kweli, na kwa sababu nimeshanunua karatasi nzuri.

1. Kuhusu kutoarifiwa.

Kamati ilipofunga hori miezi minne iliyopita, kwa muda wa miezi minane, ili chaza wapate kukua na kuzaa, nilialikwa kuwa mgeni wa heshima. Nilikuja na kanzu mpya. Nilihutubia kwa dakika arobaini. Watu watatu walisinzia, na mama mmoja aliondoka akaenda kupika, akarudi, akanikuta bado niko kwenye utangulizi. Nilisema chaza ni amana. Nilisema kila mmoja wetu, mkubwa na mdogo, wa Mkokoni na wa Amu, auzuie mkono wake.

Bi Mwenyekiti, mtu anaposema "kila mmoja wetu" mbele ya kipaza sauti, hufahamika kwamba anawasema wengine. Hotuba zimekuwa hivyo tangu nizaliwe. Ikiwa kamati ilikuwa na nia ya kunihesabu na mimi, ingenivuta kando baada ya kahawa na kuniambia kwa upole. Hakuna aliyenivuta. Nilirudi Amu nikiamini kwamba mimi ni mtetezi wa chaza, na kwamba mtetezi ana nafasi yake.

2. Kuhusu msumeno.

Hapa nataka nieleweke. Najua jinsi akina mama wa Mkokoni wanavyofanya kazi yao. Wanangoja bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa na mizizi ya mikoko kubaki wazi. Wanaingia matopeni na kisu kifupi, wanamng'oa chaza mkubwa mmoja mmoja, na mzizi unabaki mzima ili wadogo waendelee kushika papo hapo. Nayajua haya yote. Niliyaeleza katika hotuba, nafikiri kwenye dakika ya ishirini na tano.

Lakini kujua ni kitu kimoja na mkono ni kitu kingine. Ijumaa asubuhi niliingia horini peke yangu. Hatua ya tatu kandambili moja ikazama na sijaiona tena. Hatua ya kumi nilikuwa nimeshika mkoko kwa mikono miwili nikisoma kila dua niliyofundishwa chuoni. Kisu nilikuwa nacho. Nilikigonga kwenye ganda mara mbili, mara ya tatu kikanikata kidole. Basi mkono wangu, ambao kwa miaka arobaini haujafanya kazi nyingine ila ya mbao, ukaingia mkobani wenyewe na kutoka na kile unachokijua. Niliuona ule mzizi umenyooka vizuri, hauna fundo, nikaukata. Urefu wa mkono mmoja na nusu, na chaza kumi na mmoja juu yake. Niliutia begani nikaanza kurudi, na nakiri kwamba nilijiona hodari.

Kamati imehesabu hayo kuwa makosa mawili, la chaza na la mkoko. Mimi naona ni kosa moja lililofanywa kwa ukamilifu.

3. Kuhusu adabu ya Bwana Wanyama.

Afisa wenu wa uvuvi ni mtu wa Bungoma. Alipoletwa huku miaka mitano iliyopita alikuwa hajui kuogelea, na kaa alikuwa akimwita mdudu. Leo anasimama kwenye tope la Shungi kama aliyezaliwa humo, mimi niliyezaliwa na mwanamke wa Mkokoni nikiwa nimeng'ang'ania mti.

Malalamiko yangu ni kwamba hakunifokea. Nilikuwa nimejitayarisha kufokewa. Nilikuwa na majibu kuhusu watu wa bara wanaokuja kutufundisha bahari yetu, majibu makali, niliyoyapanga tangu nilipomwona akinijia matopeni. Yeye akasema, "Habari ya asubuhi, mzee. Mama anaendelea aje? Na hiyo msumeno ni ya nini?" Nikajibu kwamba mama hajambo kidogo, na msumeno nikausogeza nyuma ya mgongo. Akanikalisha ukingoni, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, akanifunga kidole kwa kitambaa chake mwenyewe, kisha akafungua daftari. "Sasa mzee, nimeandika chaza kumi na moja na mzizi moja. Ni sawa nikiweka hivyo?" Nikamwambia ni sawa. Tarehe alikuwa ameikosea, nikamsahihisha.

Naomba kamati itafakari hali ya mtu aliyekamatwa huku akinywa chai ya aliyemkamata. Hata kukasirika nilinyimwa. Yale majibu makali bado ninayo, na hakuna wa kumpa.

4. Kuhusu kipimo.

Kwa mujibu wa kanuni ya nne, chaza hupimwa akiwa bado mzizini kwa kipimo cha mbao chenye tundu. Akijaa tundu na kuzidi, amefika kimo, anachukuliwa. Akiingia ndani ya tundu lote, bado ni mtoto, anaachwa. Bwana Wanyama aliwapima wangu mbele yangu. Kumi waliingia ndani ya tundu na nafasi ikabaki. Mmoja tu alizidi, na huyo alikuwa ganda tupu. Ndani yake mlikuwa na kaa mdogo aliyetutazama sote wawili kisha akajifungia.

Naukataa ushahidi huu. Kile kipimo nilikichonga mimi. Mliniomba vipimo kumi na viwili, vya mbao yoyote, kwa wiki moja. Nilivileta vitatu baada ya wiki saba, vya mbambakofi, vimezungushiwa maua, kwa sababu sikuona ni vipi mtu atampima chaza kwa kitu kisicho na nakshi. Sasa naomba kamati ijiulize: je, kazi ya fundi huyu inaaminika? Mlango wa jirani yangu Bwana Hussam, niliouchonga mwenyewe na kuutia jina langu kwa ndani, haujafungika hata siku moja tangu harusi ya binti yake. Wanauzuia kwa kinu. Bwana Hussam yuko tayari kuja kutoa ushahidi. Alikubali haraka hata nikaona vibaya.

Mtu ambaye hawezi kupima mlango hawezi kuwa msingi wa sheria ya chaza. Nalisema hili kwa uchungu, lakini ndio utetezi pekee nilionao.

5. Kuhusu adhabu.

Sheria ya kamati inasema mkosaji apande miche mia mbili ya mikoko, na jina lake liandikwe kwenye ubao wa matangazo pale mnaposhukia botini. Kuhusu ubao, nakumbusha kwamba ni mimi niliyeutoa zawadi siku ile ya hotuba, na ndio ubao mzuri kuliko wote katika pwani hii. Mpaka Ijumaa ulikuwa hauna jina lolote. Sasa una moja, limekaa katikati ya nakshi zangu, na nimeambiwa wageni wanaokwenda Kiwayu wanasimama kuupiga picha wakidhani Kamaludin ni mtu aliyefanya jambo kubwa.

Kuhusu miche, nilianza adhabu Ijumaa hiyohiyo alasiri, nikisimamiwa na akina mama wanne wa kamati yako. Nilipanda thelathini. Kumi na saba kati yake niliipanda kichwa chini, kwa kuwa mche wa mkoko ni kijiti kitupu kisicho na jani. Wale akina mama hawakuniambia mpaka nilipomaliza mstari mzima. Mmoja alisema walitaka kuona kama nitagundua mwenyewe.

6. Kuhusu mama yangu.

Hapa sina mzaha, Bi Mwenyekiti, na kama umefika hapa ukicheka, naomba upumzike kidogo kisha uendelee.

Mama yangu, Bi Kulthum, alizaliwa Mkokoni, akaolewa Amu akiwa msichana, na yuko kwetu tangu hapo. Ana umri ambao hakuna aliyeuandika. Tangu Idi hali chakula. Anakula vijiko vitatu kisha anaisukuma sahani taratibu, kama anayeogopa kumuudhi mpishi. Hadil amempikia wali wa nazi, amempikia samaki wa kupaka, amempikia tambi za sukari, amempikia hata vile ambavyo mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Daktari alimpima kila mahali akasema hana ugonjwa, ni umri. Nilitaka nimwambie daktari kwamba umri anao miaka mingi sasa na haukuwahi kumzuia kula. Lakini nilikuwa nimeshika mkono wa mama, na niliona jinsi bangili yake inavyopanda mpaka karibu na kiwiko.

Jumatano iliyopita nilimuuliza ni kitu gani ulimi wake unakitaka, chochote kile, nikitafute. Aligeukia dirisha. Kisha akasema, "Naona hamu ya chaza wa Shungi. Supu, na ndimu. Bakuli moya tu."

Hakusema chaza wa hori jingine. Mahori mawili ya jirani yako wazi, nalijua hilo, na Bwana Wanyama alinionyesha kwa kidole. Mama alisema Shungi. Huko ndiko alikokuwa akienda na mama yake. Alipotamka lile neno moyo wangu uliruka, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu Idi kusikia anataka kitu. Sikukumbuka katazo. Sikukumbuka hotuba. Nilikumbuka mkoba wa kazi uliokuwa karibu na mlango, nikaubeba jinsi ulivyo.

Mimi ni mtoto wake wa pekee. Naogopa, Bi Thuwaiba. Naogopa kwamba miezi minne iliyobaki ni mingi kuliko ile ambayo vijiko vitatu vitatu vinaweza kumfikisha. Hilo ndilo lalamiko langu, na hayo matano ya juu niliyaandika kwa sababu sikujua nianzie wapi kulisema hili.

Kwa hivyo, kwa heshima zote, naomba kamati ichague moja kati ya haya:

(a) Hori la Shungi lifunguliwe kwa muda wa saa moja, katika bamvua ijayo, kwa ajili ya bakuli moja. Sitaingia mimi. Ataingia mama yeyote wa kamati mwenye kisu kifupi.

(b) Kama saa moja ni nyingi, lifunguliwe kwa mzizi mmoja. Nasikia ule nilioukata mmeufunga kwa kamba na kuurudisha majini, na kwamba chaza wake wanaendelea vizuri. Nafurahi. Hao siwataki, wamepata taabu ya kutosha mikononi mwangu.

(c) Kama (a) na (b) hazikubaliki, naomba mama yangu asajiliwe rasmi kuwa sehemu ya Hori la Shungi. Sifa zote anazo. Asili yake ni Shungi. Aliyebaki wa namna yake ni mmoja tu. Kukua hakui tena, na kila siku ninamwona anapungua. Kanuni ya kwanza ya kamati inasema wazi kwamba chochote cha Shungi kilicho hatarini kumalizika kilindwe kwa kila njia na kwa gharama yoyote. Sasa mlindeni. Na kwa kuwa kinachohitajika kumlinda ni chaza, kamati italazimika kwa sheria yake yenyewe kuvunja sheria yake yenyewe, na mimi nitakuwa tayari kuja kuhutubia.

(d) Kama hata hilo litakataliwa, naomba nijulishwe kwa maandishi ni kupitia kwa nani nimlalamikie Mwenyezi Mungu kuhusu urefu wa miezi, kwa maana hapo nitakuwa nimemaliza ofisi zote.

Nimalizie kwa kukushukuru kwa subira yako. Nisalimie akina mama wanne waliosimamia upandaji, na uwaambie ile kumi na saba nitakuja kuigeuza. Nisalimie Bwana Wanyama, kitambaa chake kimefuliwa na nitamrudishia. Nisalimie wazee wa msikitini, na wote waliokaa mpaka mwisho wa hotuba yangu, ambao Hadil anasema wanaweza kusalimiwa kwa majina kwa kuwa si wengi. Bwana Hussam naye anakusalimu kupitia mlango wake ulio wazi.

Mimi, mkosaji wako mnyenyekevu,

Kamaludin
Mchonga milango, Mkomani

Baada ya sahihi, Jumanne:

Bi Thuwaiba, barua ilikuwa imeshakunjwa na boti inaondoka kesho. Hadil akakataa isitoke nyumbani kabla mama hajasomewa, akisema haiwezekani mtu asajiliwe kuwa hori bila yeye mwenyewe kujua. Basi jana, baada ya magharibi, nikamsomea yote.

Kwenye msumeno alicheka mpaka Hadil ikabidi amshike mgongo. Kwenye miche ya kichwa chini aliomba nisome tena. Nilipofika lalamiko la sita aliacha kucheka, akasikiliza akiwa amefumba macho, na nilipomaliza akaniambia jambo ambalo wewe unalijua na hukuniambia, siku ile ya hotuba wala baadaye.

"Thuwaiba alipokuya kuniuliza hori lipi lifungwe," alisema, "ni mimi niliyemwambia Shungi."

Nikamuuliza kwa nini, na huku analitamani hilohilo. Akasema, "Kwa sababu ni sisi tuliowamaliza chaza. Mimi na wenzangu. Tukiya na nyundo, tukivunda mizizi, tukiimba. Hata moya hatukumwacha. Wenzangu wote wameshakwenda, nimebaki mimi wa kulipa deni." Akaniangalia. "Hamu nilikuwa nayo, nikaisema, kwa kuwa uliniuliza. Sikukutuma."

Nikaikunja tena barua. Mimi, mtu wa dakika arobaini.

Kisha akauliza imebaki miezi mingapi. Nikamwambia minne. Akaihesabu kwenye vidole, akarudia kuihesabu, akafumba macho. Nikadhani amelala.

Leo asubuhi kabla sijafungua dirisha alimwita Hadil akaomba uji. Alimaliza bakuli zima. Alipoulizwa imekuwaje, alisema mtu mwenye ahadi ya kufika Shungi baada ya miezi minne hawezi kukaa na njaa, atashindwa kupanda boti. Mchana amekula wali, na samaki, na akamwambia Hadil chumvi haikutosha. Hadil alikwenda jikoni akalia, nami nikamfuata nikalia pia.

Kwa hivyo, Bi Mwenyekiti, naomba uyafute yote niliyoyaandika hapo juu, kuanzia (a) mpaka (d). Hori la Shungi lisifunguliwe hata siku moja kabla ya wakati. Na ikiwa kamati itaona vyema, kwa manufaa ya chaza, kuongeza miezi mingine minane, na baada ya hiyo minane mingine, mimi Kamaludin sina pingamizi lolote.